Kujenga boti ya pleti mwenyewe: tumbo bapa au tumbo la V? Nimejenga mbili, haya ndiyo niliyoyaona

#1 — FundiGhuba (Musoma)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu ya kila siku ni mageti, madirisha na matela ya trekta. Miaka minne iliyopita shemeji yangu aliweka vizimba vya samaki ghubani, akawa anakodi mtumbwi wa mbao kila siku kupeleka chakula. Mtumbwi ulikuwa unavuja, fundi wa kalafati (anayeziba nyufa za mbao) anapatikana kwa nadra, na mbao nzuri za mvule zimekuwa ghali na adimu. Akaniuliza, "Wewe si unachomelea chuma? Nijengee boti."

Nikajenga. Ya kwanza iliniletea mambo ambayo sikuwahi kuyaona kwenye dirisha wala geti, ya pili ndiyo inayofanya kazi hadi leo. Naandika uzi huu kwa sababu kila wiki kuna mtu anakuja karakana kuniuliza unene wa pleti, na hakuna hata mmoja anayeuliza kwanza kuhusu umbo. Umbo ndilo linaloamua mengine yote. Ukikosea unene unaweza kuongeza mkanda wa chuma ndani ukasalimika. Ukikosea umbo, unakata upya.

Nianze na boti ya kwanza.

Urefu mita 4.8, tumbo bapa kabisa kama trei, mbavu (kuta za pembeni) zimesimama karibu wima, mbele nimelikunja tumbo juu kidogo. Pleti ya mm 1.5 kila mahali. Nilichagua tumbo bapa kwa sababu ndilo rahisi kukata, na kwa kweli lina sifa zake: inazama kidogo, inaingia hadi ufukweni kabisa, mtu akisimama pembeni haiyumbi. Asubuhi ziwa likiwa limetulia ilikuwa raha tupu.

Shida ilikuja mchana. Wanaokaa upande huu wa mashariki wa Ziwa Victoria wanajua: usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu, ikifika saa saba au saa nane mchana unageuka na kutoka ziwani kuja kwetu. Mawimbi ya ziwa si marefu kama ya bahari. Ni mafupi, yamesimama, yanafuatana haraka. Tumbo bapa likipanda wimbi moja linaangukia la pili lote kwa pamoja. Bamba lilikuwa linadunda kama debe. Ukiweka kiganja kwenye sakafu unalisikia likiingia ndani na kutoka nje kila kishindo.

Mwezi wa tatu tukiwa na mifuko ya chakula, nikaona mstari mwembamba wa maji umechora kando ya taruma (chuma cha ndani kinachokingama boti) la tatu. Si kwenye mshono wa kona niliokuwa nauogopa, ni katikati ya bamba, pale pale bamba lilipokutana na taruma nililolichomelea mfululizo kutoka upande hadi upande. Bamba linacheza, taruma halichezi, kwa hiyo linakunjwa mahali pamoja mara elfu na elfu mpaka linapasuka, kama unavyokata waya kwa kuupinda. Shemeji akashika kata akakumba maji, mimi nikapunguza mwendo, tukarudi. Kuanzia siku ile sijapeleka boti ile ziwani.

Naendelea kesho na boti ya pili. Karibuni maswali.

#2 — Kitongoji_Kigoma

Naweka kambi hapa mkuu. Sisi huku Ziwa Tanganyika tunayo meli ya MV Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya kwa ribiti. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina hilo la Liemba. Bodi ni ile ile. Kwa hiyo wanaosema chuma hakidumu majini waje watuambie vizuri.

#3 — FundiGhuba

Mkuu Kitongoji, asante kwa mfano huo. Ila tuuweke pamoja na mwingine ili watu wasidhani chuma chochote ni Liemba. Livingstone alipopanda Zambezi 1858 alikuwa na boti ya mvuke iitwayo Ma Robert, ya mabamba membamba sana ya feleji, kama mm 1.6. Ilitoboka kwa kutu mpaka ikawa kazi ya kila siku kuziba matundu, na mwishoni mwa 1860 ikazama kwenye fungu la mchanga. Zote mbili zilikuwa maji baridi. Tofauti ni unene, matunzo, na mahali maji yanaposimama ndani ya boti. Nitalirudia hilo la ndani.

Sasa boti ya pili.

Kabla ya kugusa pleti nilichukua boksi la biskuti, nikakata modeli ya moja kwa kumi. Naomba kila anayesoma hapa afanye hivyo, kwa sababu kadibodi ina tabia ile ile ya pleti. Chukua karatasi ngumu uikunje kama bomba: inakubali. Ikunje kama funeli ya kumiminia mafuta: inakubali. Sasa jaribu kuifanya iwe bakuli. Inakataa, inatoa makunyanzi pembeni. Pleti ni hivyo hivyo. Inapinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kuifanya bakuli unahitaji kuigonga kwa nyundo na moto au kuipitisha kwenye mashine ambayo karakana zetu hazina.

Kwa hiyo umbo lolote utakalochora lazima liweze kutoka kwenye bomba au funeli. Omo (sehemu ya mbele ya boti) ya V inatoka kwenye funeli: upande mwembamba uko mbele chini, upande mpana unafunguka kuelekea nyuma. Kadibodi ikikubali bila kukunjamana, pleti itakubali. Baada ya hapo unafungua vipande vya modeli, unavilaza mezani, unapima kila sentimita kumi, unazidisha kwa kumi na kuchora kwenye pleti. Mimi nilipata kosa la milimita nane tu kwenye urefu wa mita tano na nusu, nikalimaliza kwa grenda.

Vipimo vyangu: urefu mita 5.5, upana kwenye kona ya tumbo (pale tumbo linapokutana na ubavu) mita 1.3, upana juu mita 1.75. Mbele V kali, nyuma inalegea mpaka karibu iwe bapa. V ya mbele inapasua wimbi badala ya kulipiga kofi. Ubapa wa nyuma unabeba mashine (injini) na mzigo bila tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, kuzama. Mbavu nimezilaza nje. Hilo la kulaza mbavu nje watu wanalidharau, lakini boti ikiinama, upande unaozama unaongezeka upana na kuisukuma irudi.

Tumbo na bamba la tezi ni mm 3, mbavu mm 2. Nilitumia pleti tatu za mm 3 na tatu za mm 2, za futi nane kwa nne. Zile za mm 2 nilipasua kila moja katikati kwa urefu, zikanipa vipande sita vya sentimita 61, vitatu kila upande.

#4 — MzeeWaMkuku (Pangani)

Kijana, nakupa heko. Mimi ni fundi wa mbao tangu ujana wangu, nimejenga mashua na madau, na ngalawa sizihesabu.

Nataka niwaeleze wasomaji kwa nini sisi hatuna shida hiyo ya bakuli. Ubao ni mwembamba. Fundi wa jahazi anaweka ubao baada ya ubao, kila mmoja anauchonga kando kwa tezo (shoka dogo la kuchongea), unakuwa mpana katikati na mwembamba miishoni, na anaupinda na kuusokota kufuata jicho lake. Tumbo likitimia limekuwa la mviringo, ingawa hakuna ubao mmoja uliokuwa bakuli. Ukichukua bamba pana la futi nne ukataka lifanye kazi ya mbao nane, ndipo linapokukatalia.

Swali langu: kwa nini usipasue pleti vipande vyembamba kama mbao ukapata tumbo la mviringo? Mviringo ndio unaokwenda vizuri na mawimbi.

#5 — FundiGhuba

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, maelezo hayo ya ubao yangenisaidia sana miaka minne iliyopita.

Inawezekana, mzee. Zipo boti za chuma zenye kona mbili au tatu kila upande badala ya moja, zikakaribia mviringo. Nilichokihofia ni moto. Kila mshono unapopoa unajivuta. Bamba la mm 2 lenye mshono mmoja mrefu linajipinda kama gamba la muwa lililokaa juani. Ukiongeza mishono minne linajaa mawimbi na halirudi. Mbao haziunganishwi kwa moto. Nikaona kona moja kila upande, mishono michache, nijenge kwa adabu.

Na hapa niseme nilivyochomelea. Kwanza nilisimamisha mkuku (uti wa chini wa boti) wa flatibaa (ukanda bapa wa chuma) juu ya meza iliyonyooka, boti ikiwa kichwa chini. Nikapiga vidoa tu (nukta ndogo za kushikiza), kila sentimita 15, boti nzima, sikuvuta mshono hata mmoja mpaka vipande vyote viwe mahali pake. Kisha nikavuta vipande vya sentimita tano: kimoja kushoto katikati, kimoja kulia katikati, kimoja kushoto mbele, kimoja kulia nyuma. Ukigusa bamba kwa mkono na halivumiliki, hama. Rodi ya mm 2.5, moto mdogo. Kazi ambayo ningeimaliza kwa siku mbili ilichukua wiki, na mbavu zikatoka zimenyooka.

Ndani sikurudia kosa la taruma. Kwanza nimeweka mikanda ya flatibaa ya urefu, kutoka omo hadi tezi, mitatu kila upande wa tumbo. Hiyo ndiyo inayogusa bamba. Mataruma yanakaa juu ya mikanda, hayagusi bamba. Mikanda yenyewe nimeishika kwa vipande: sentimita nne za mshono, sentimita 12 wazi, nne tena, kwa zamu pande zote mbili. Kishindo kinasambaa kwenye mkanda mrefu badala ya kuishia kwenye mstari mmoja mkali.

#6 — NyarMbita (Homa Bay)

Kaka FundiGhuba, hamjambo huko? Mimi niko Mbita, ng'ambo ya mpaka lakini maji ni yale yale. Nina kikundi cha akina mama wa kununua samaki visiwani na tunataka boti yetu. Nauliza mambo mawili. Kuna mtu ametuambia tutumie mabati ya kuezekea yaliyonyooka, kwamba ni rahisi na hayashiki kutu. Mwingine anasema alumini. Tushike lipi?

#7 — FundiGhuba

Hatujambo dada, karibu sana.

Bati la kuezekea liache lifanye kazi ya paa. Geji 28 ni kama mm 0.4 tu. Jiwe moja la ufukweni linalitoboa ukiwa na watu ndani. Tena zinki yake ukiichomelea inatoa moshi mweupe unaoleta homa: jioni mwili unatetemeka, kifua kinabana, mdomo una ladha ya chuma. Mafundi wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanawakinga. Kinachokinga ni kuisaga zinki yote pale unapochomelea, kufanya kazi upepo ukikupita, na kufunika pua vizuri.

Alumini ni nzuri kweli. Pleti ya futi nane kwa nne ya alumini ya mm 3 ina kama kilo 24. Ya chuma ya mm 2 ina kilo 47. Na ugumu wa kupinda hiyo alumini ya mm 3 unaizidi kidogo ile ya chuma ya mm 2, kwa hiyo kwa nusu ya uzito unapata boti ngumu vile vile, na mashine ndogo itaisukuma. Ila angalia mambo haya. Alumini ya madirisha siyo ya boti. Omba ile ya majini, 5083 au 5052. Inataka mashine ya gesi ya agoni na fundi aliyeizoea, rodi za kawaida zitakuharibia. Na isikutane na shaba wala rangi yenye shaba, kwa sababu ikilowa, shaba inaila alumini. Kama fundi wa hivyo hayupo karibu nanyi, jengeni chuma, kwa sababu chuma kikipasuka hata kisiwani mtu mwenye jenereta na mashine ndogo atakirekebisha.

#8 — Kitongoji_Kigoma

Uzito ndio unaonitisha. Mita 5.5 ya mm 3, si itakuwa jiwe hiyo? Na ikijaa maji?

#9 — FundiGhuba

Swali hili ndilo kila mtu angeanza nalo, mkuu. Tuhesabu pamoja.

Chuma, mita moja ya mraba yenye unene wa mm 1, ni kilo 7.85. Tumbo langu ni kama mita za mraba 6.3 za mm 3: karibu kilo 149. Mbavu mita za mraba 6.7 za mm 2: kilo 105. Tezi kilo 21. Mikanda na mataruma kilo 60, mabenchi kilo 30. Jumla 365. Weka mashine ya nguvu farasi 15, mafuta na vifaa kilo 70, watu watatu 210, mifuko kumi ya kilo 20. Unafika 845.

Maji yanabeba kilo moja kwa kila lita boti inayosukuma. Ile V chini ya kona inasukuma kama lita 290. Zinabaki 555. Juu ya kona, kila sentimita moja boti inapozama inasukuma kama lita 48, kwa hiyo inashuka sentimita 11 na nusu hivi. Ukijumlisha na kina cha V, boti iliyojaa inazama kama sentimita 26, na ubavu unabaki nje ya maji zaidi ya sentimita 45. Nilipoishusha na kupima kwa rula nilipata 27. Hesabu hii ifanye kabla ya kununua pleti.

Mwendo usitegemee miujiza. Ikiwa na mzigo inakaa ndani ya maji, na boti yenye mita tano majini inaishia karibu kilomita kumi kwa saa. Ukiongeza mafuta unainua omo tu na kuchimba tezi. Ikiwa tupu na mtu mmoja inapanda juu na kuteleza.

Sasa kujaa maji. Mtumbwi wa mbao ukijaa unaelea, unaushikilia. Chuma kinakwenda chini moja kwa moja. Nawaomba mlisome hili mara mbili. Kilo 365 za chuma zikiwa majini zinapungua kidogo tu, zinabaki kama 318, na mashine juu yake. Lazima kuwe na hewa iliyofungwa inayozidi hapo. Mimi omo yote nimeifunga kuwa sanduku la lita 200, na mabenchi mawili ya pembeni ni masanduku ya lita 150 kila moja. Jumla 500. Yamewekwa juu na pembeni ili boti iliyojaa isipinduke. Ndani ya kila sanduku nimepanga madumu matupu yaliyofungwa vizuri, ili mshono wa sanduku ukivuja hewa ibaki. Asiyeweza masanduku afunge madumu ya lita 20 chini ya mabenchi kwa kamba imara. Kila moja linainua kama kilo 19. Tuliijaza maji makusudi kwenye kina cha kiuno, watu watatu tukaishikilia. Ilielea, kingo zikiwa nje kiganja kimoja.

Maboya ya kuvaa bado ni lazima, na kama unabeba watu au mizigo kwa malipo, nenda TASAC (shirika linalosimamia vyombo vya majini huku Tanzania) boti ikaguliwe na kusajiliwa.

#10 — MzeeWaMkuku

Hilo la kuijaza maji makusudi nimelipenda. Je, kutu? Huku kwetu chumvi haina huruma.

#11 — FundiGhuba

Kwa chumvi, mzee, ningepanda hadi mm 4 kwenye tumbo na kufunga vipande vya zinki vya kujitoa kafara (vinavyoliwa badala ya chuma cha boti). Huku maji baridi zinki haifanyi kazi vizuri, magnesi ndiyo inayofaa.

Boti ya chuma mara nyingi inaliwa kuanzia ndani. Nje unapaka, unaona, unarudia. Ndani maji ya ngama (yanayokusanyika chini ya boti kwa ndani) yanalala nyuma ya mkanda, yamechanganyika na mchanga na magamba ya samaki, hakuna anayeyaona. Kila mkanda na kila taruma nimekata tundu la kidole gumba chini kabisa, ili tone lililoanguka omo lifike tezini, na tezini kuna kizibo nikiipandisha ufukweni.

Pleti mpya ina gamba la bluu-nyeusi kutoka kiwandani. Linaonekana zuri, watu wanapaka rangi juu yake. Gamba hilo linabanduka baadaye na kuondoka na rangi yako. Lisage lote mpaka chuma king'ae kijivu, upake siku hiyo hiyo rangi ya kwanza ya epoksi kabla ya umande wa jioni.

Na kabla ya rangi, pima mishono. Changanya chokaa na maji, paka mshono kwa nje, acha ikauke iwe nyeupe. Kwa ndani pitisha brashi yenye mafuta ya taa. Subiri nusu saa. Mafuta yanapenya hata tundu ambalo maji hayajalipata, na kwenye chokaa unaona doa la kijivu linachanua. Mimi nilipata madoa kumi na moja. Manane yalikuwa pale nilipoanzisha rodi mpya. Futa mafuta yote, saga, chomelea tena, rudia chokaa.

#12 — NyarMbita

Kaka, jana jioni nimekata modeli ya kadibodi na binti yangu. Tumbo limekaa sawa hadi karibu na omo, hapo limejikunja, kuna mkunjo mmoja mkubwa kila upande. Tumerudia mara mbili, ni pale pale.

#13 — FundiGhuba

Vizuri sana dada, mkunjo huo mmeuona kwenye boksi badala ya kwenye pleti.

Nadhani mstari wa kona ya tumbo mmeupandisha ghafla mwishoni. Tumbo limekuwa linapinda kwenda juu na wakati huo huo linajisokota kuingia V, na kadibodi haiwezi yote mawili mahali pafupi. Anzeni kupandisha kona mapema, kutoka katikati ya boti, taratibu. Halafu punguzeni ukali wa V omoni, msogeze ncha ya mkuku mbele kama sentimita mbili kwenye modeli. Mkiweka rula juu ya tumbo na kuizungusha kidogo kidogo kama mshale wa saa, kila mahali mnapaswa kupata upande mmoja ambao rula inalala bila mwanga kupita chini yake. Pale ambapo mwanga unapita kila upande mnaogeuza, ndipo pleti itakapokataa.

Jaribuni, mnitumie vipimo vya modeli hiyo ya tatu hapa hapa, nitavizidisha na kuwapigia hesabu ya pleti kabla hamjaenda dukani.